Kichwa Tulichompa Mbwa

Mume wangu alijifunza kuvua samaki akiwa amelala chali kwenye kochi. Bahari hajawahi kuiona hata kwa dirisha la basi. Maji makubwa aliyowahi kupigana nayo ni ya mafuriko ya masika, yakipita juu ya daraja wakati akiendesha lori la majani ya chai, na hayo yalimshinda. Lakini ukimwuliza namna ya kumkamata tuna mwenye mapezi ya bluu, yule wa bahari ya mbali, mzito kuliko ng'ombe wetu wa madoa, atakueleza mpaka chai yako ipoe na kuota utando.

Kwenye vitabu anaitwa jodari. Sisi huku juu kwenye majani ya chai tulimwita tuna, na kabla ya simu za kugusa kuja hatukumwita chochote, maana hatukuwa na neno naye. Sisi Wakipsigis ni watu wa maziwa. Nyanya yangu alikuwa akisema samaki ni nyoka aliyevaa suti, na alilisema hilo kwa sauti ya mtu aliyemaliza mjadala. Shuleni tulifundishwa methali, samaki mkunje angali mbichi, tukaikariri, tukapewa vema nyekundu kwenye daftari, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumkunja samaki. Mwalimu naye pia, nadhani.

Kwa hiyo nataka ieleweke kwamba ule wazimu wa tuna haukutoka kwa ukoo. Ulitoka kwa binti yetu.

Alikuja nyumbani Jumapili moja baada ya kanisa, bado amevaa viatu vya kanisani, akasema amepata mtu. Ni kijana wanayefanya kazi naye hospitalini, ana adabu, anaimba kwaya, hanywi. Mimi nilikuwa nimeshaanza kutabasamu.

"Ni wa wapi?" baba yake akauliza.

"Wa chini, Baba."

Kwetu chini si upande tu. Chini ni pale unapoteremka, ukapita Soin, milima inaisha, baridi inaisha, chai inaisha, na unaanza kuvua sweta. Huko wanaishi watu wa ziwa. Hawajatukosea kitu, na wengi tumesoma nao na kuuziana nao mahindi. Lakini kuuziana mahindi ni kitu kimoja, na kumpeleka msichana wako wa pekee akaishi huko ni kingine. Mume wangu alikuwa anatafuna mahindi ya kuchoma. Alitafuna mpaka akamaliza, akaweka gunzi chini, akavaa kofia, akaenda kumtazama ng'ombe ambaye hakuwa mgonjwa.

Kunyamaza kwake ndiko kulikonitia baridi. Mume wangu akikasirika hupiga kelele, na kelele zake nimezizoea, zinapita kama mvua ya mawe, baadaye unaokota majani yaliyochanika na maisha yanaendelea. Lakini kunyamaza! Haki ya Mungu, heri angenitukana.

Nieleze kwa nini. Katika ukoo wa mume wangu, wakwe wakija kuomba msichana, sotet ya mursik, kile kibuyu cha maziwa ya kugandisha, huwekwa katikati ya watu. Haonji mtu mpaka mwenye boma aseme neno. Akilisema, maziwa yanamiminwa na msichana amekubaliwa. Asiposema, kibuyu hurudi jikoni kimejaa vile vile, wageni wanaaga kwa adabu, na habari imekufa hapo. Hakuna ugomvi. Baba mkwe wangu aliwahi kurudisha kibuyu jikoni. Yule dada ya mume wangu aliyekuwa anaombwa siku hiyo yuko hapo juu kwenye kona mpaka leo, anafuga kuku na hasira.

Sasa binti yangu alikuwa anamwangalia baba yake kila wikendi akija nyumbani, na mimi nilikuwa namwangalia anavyomwangalia. Nilikuwa naogopa. Sitasema nilikuwa na wasiwasi kidogo, hapana, nilikuwa naogopa mpaka nachuna chai na kutia majani makavu kwenye kikapu, nikagombezwa kwenye kituo cha kupimia kama mtoto.

"Utasema neno wakija?" nilimwuliza.

Akainua simu. "Unajua tuna anakimbia mbio kushinda hii pikipiki ya kijana wa jirani?"

Ndivyo ilivyoanza. Alikuwa amestaafu ulori kwa sababu ya magoti, na mtu aliyestaafu kwa magoti ana kochi na ana bando. Mwanzo nilidhani anatazama mahubiri. Nikachungulia, nikaona wazungu wamevaa ovaroli za manjano, wamejifunga mikanda kama punda wa kubeba maji, wanalia na kucheka juu ya mashua inayoruka, na mmoja anavuta ufito uliopinda mpaka karibu kuvunjika. Mume wangu alikuwa anavuta pamoja nao. Mikono yake ilikuwa hewani.

Alinifundisha yote, nikipenda nisipende. Nikiwa napepeta maharagwe, ananifundisha. Ati kwanza unatazama ndege, ndege wakizunguka mahali pamoja juu ya maji, hapo chini kuna samaki wadogo, na chini ya wadogo kuna mwenyewe. Ati unaweza kuburuta chambo nyuma ya mashua, mashua ikienda taratibu, ili tuna aone chakula kinakimbia, maana tuna ni kama mwanasiasa, kitu kisichokimbia hakitaki. Ati ukichoka kuburuta, unasimama, unakatakata samaki wadogo na kuwamwaga majini kidogo kidogo, harufu inasambaa, na mwenyewe anakuja kuuliza nani anapika. Na akishameza ndoana, usimvute! Hapo mume wangu alikuwa anasimama kabisa, magoti au si magoti.

"Ukimvuta kwa nguvu, kamba inakatika. Unamwachia akimbie. Unakaza breki kidogo tu. Akichoka, unainua ufito polepole, ukishusha unazungusha kamba. Inua, shusha, zungusha. Inua, shusha, zungusha."

"Na neno?" nikamwuliza. "Hilo utaliinua lini?"

Akaongeza sauti ya simu.

Siku ya wageni ilikuwa imeshapangwa, ni Jumamosi. Wiki ile ilipoanza, mume wangu alitangaza kwamba wageni watakula samaki, na kwamba samaki huyo atamvua yeye mwenyewe. Nilicheka mpaka nikashika mlango. Wapi? Kwenye ndoo?

Kwenye bwawa, akasema.

Bwawa letu lilichimbwa ili ng'ombe wanywe. Zamani kidogo mtu wa kilimo alipita na mifuko ya vifaranga vya kambare, wale samaki weusi wenye ndevu, akawamwaga humo na kutuhutubia kuhusu lishe bora. Tulimpigia makofi, akaenda. Nani angewala? Kambare wakabaki humo wakizaana na kunenepa kwa amani. Nafikiri ni mahali pa pekee duniani ambapo samaki walikuwa wanakufa kwa uzee. Watoto walisema kuna mmoja mkubwa anayemeza bata wadogo, na kwa kweli bata wangu watatu walipotea, ingawa mimi nilikuwa nimemshuku jirani.

Basi tukaenda kuvua tuna kwenye bwawa la ng'ombe.

Kwanza tulitazama ndege. Ndege waliokuwepo ni yangeyange waliokuwa wanamfuata ng'ombe, na chini yao palikuwa na mavi. Mume wangu akasema huku bara dalili zinatofautiana.

Halafu tukaburuta. Mashua hatuna, kwa hiyo alimfunga ng'ombe wa madoa kamba, na kamba ikafungwa uzi wa fundi wa mawe, na uzi ukafungwa ndoana. Ndoana yenyewe alitengenezewa na fundi wa kuchomelea kule Kapkatet, ambaye alifikiri ni ya kutundikia nyama, na mimi sikumlaumu. Kazi yangu ilikuwa kumwongoza ng'ombe atembee ukingoni polepole ili chambo kikimbie majini. Ng'ombe alitembea hatua chache, akakumbuka kwamba hili ni bwawa, akaingia kunywa. Nikavuta, akavuta. Majirani waliokuwa wanachuna chai upande wa juu waliacha kuchuna.

"Mnafanya nini huko?" mama mmoja akapaza sauti.

"Tunavua tuna!" mume wangu akajibu, tena kwa kujivuna.

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Mimi ni mama wa kanisa, nina heshima yangu, sasa niko kwenye matope na gambuti nikisukuma matako ya ng'ombe kwa ajili ya kitu kilichosemwa kwenye simu. Nikamwambia wazi, kama haya ndiyo maarifa ya baharini, basi wazungu wamekula samaki kwa bahati tu.

Lakini ile ya kumwaga chakula ilifanya kazi, hilo nitakubali. Kila alasiri alipeleka matumbo ya kuku, aliyopewa na dada yake mwenye kuku na hasira, akayamwaga mahali pamoja. Kufika katikati ya wiki maji ya pale yalikuwa yanachemka kama ugali kabla hujaukoroga. Nikaacha kucheka.

Alhamisi akajenga kiti. Wale wa baharini wana kiti cha kukalia wakipigana na samaki, kimefungwa kwenye mashua, na mkanda wa kushikilia ufito. Mume wangu alichukua kiti cha plastiki, akakifunga kwenye mti wa blugamu kwa kamba ya kufungia nyasi. Mkanda ulikuwa kikapu changu cha zamani cha chai. Alikitoboa chini, akakivaa mbele kama mwanamke aliyevaa mimba ya kuazima, akachomeka ufito wa mwanzi humo. Uzi aliuzungusha kwenye kibiringo cha mbao alichokipigilia kwenye ule mwanzi. Breki ilikuwa kiganja chake kilichovaa soksi.

Akakaa. Tukangoja. Nilikuwa na soksi ya kufuma, na nilikuwa nafuma kwa hasira.

Sikuona kambare akimeza. Nilichoona ni kiti. Kiti kilisogea mbele, kamba ya nyasi ikalia kwii, na mume wangu akapiga ukemi ambao sikuwa nimeusikia tangu siku binti yetu alipozaliwa.

"Mvute!" nikasema.

"Hapana! Mwache akimbie!"

"Mvute, Mzee!"

"Tuna hapiganwi, tuna anachoshwa!"

Soksi ilianza kutoa moshi, au ulikuwa mvuke, sijui. Inua, shusha, zungusha. Jasho lilimtiririka. Majirani walikuwa wameteremka wote, wameacha vikapu vimekaa kwenye mistari ya chai kama vimeagizwa kungoja, na kila mmoja sasa alikuwa mtaalamu wa bahari. Lete huku! Peleka kule! Muombee! Halafu mguu mmoja wa kiti ukavunjika, na mume wangu akateleza na kikapu chake mpaka kwenye matope ya ukingo, chali, na ufito bado umesimama tumboni. Hakuuachilia. Hapo ndipo nilipotupa soksi yangu, nikachukua upembo wetu wa kuangushia avokado, ule mti mrefu wenye ndoano, nikaingia majini na gambuti zangu. Kile kitu kilipita mbele yangu, cheusi, kichwa bapa, ndevu kama za askofu. Nikampiga upembo kwenye mashavu, nikavuta kwa nguvu zote alizonipa Mungu.

Kwa hiyo, tukisema ukweli, yule samaki nilimvua mimi. Mume wangu hajawahi kulipinga hilo, anabadilisha mazungumzo tu.

Sasa sikilizeni kosa lenyewe. Kwenye simu, tuna akishapandishwa mashuani, hawangoji. Wanamkata mishipa damu itoke, wanamkata kichwa, wanamtoa matumbo, wanamlaza kwenye barafu. Ati asipofanyiwa hivyo haraka nyama inaharibika. Mume wangu alikuwa ametazama hayo mara nyingi kuliko alivyotazama picha za harusi yetu. Kijana wa bodaboda alishatumwa Kapkatet kwa muuza aiskrimu kuleta barafu. Panga lilishanolewa. Kambare hakuwa ametulia vizuri kabla kichwa hakijatengana naye.

"Na hiki?" nikauliza. Kichwa kilikuwa kikubwa kama sufuria ya chai ya wageni, na kilikuwa kinanitazama.

"Hicho ni takataka. Wao wanatupa baharini."

Bahari hatuna. Tukampa mbwa. Mbwa aliangalia kichwa, kichwa kikamwangalia mbwa, mwishowe mbwa akakibeba akaenda nacho nyuma ya zizi kwa heshima kubwa.

Jumamosi wageni walifika, wazee kwa kina mama, wamevaa vizuri, wakishuka kwenye gari wanakumbatia mabega kwa baridi. Kijana mwenyewe alikuwa amekonda kwa wasiwasi. Baba yake alikuwa mzee mrefu, mpole, mwenye kofia ya kahawia, wa umri wa mume wangu. Wakakaribishwa chini ya turubai. Wazee wa ukoo wetu upande huu, wao upande ule, na katikati, kwenye meza ndogo yenye kitambaa cha kufuma, kibuyu cha mursik. Kimejaa. Sala ikasemwa, habari za safari zikaulizwa, mvua ikazungumzwa mpaka ikaisha. Mume wangu na yule mzee mrefu walikaa uso kwa uso, na hawakuwa na la kuambiana.

Binti yetu alikuwa ameingia jikoni kunisaidia kupakua. Akafunua sufuria moja. Akafunua ya pili. Akafunua hata ya mboga.

"Mami, kichwa kiko wapi?"

"Kichwa cha nani?"

"Cha samaki!"

"Tulimpa mbwa."

Nimemzaa yule msichana, nimemwona na malaria, nimemwona akianguka mtihani, lakini sijawahi kuona uso wake ukienda vile. Akakaa kwenye gunia la mahindi. Ndipo aliponieleza, kwa sauti ya chini, kwamba kwa wale watu samaki hupewa mgeni na kichwa chake, na kichwa ni cha mzee mwenye heshima. Kumwekea mzee samaki asiye na kichwa ni kumwambia wenye maana wamekula, wewe chukua kilichobaki.

"Si ungesema mapema!"

"Mami, ningejuaje kama mtamkata kichwa? Nani anamkata samaki kichwa?"

"Wa baharini wanakata!"

Tungefanya nini? Kichwa hakishonwi. Nikamwambia ajipanguse macho, nikabeba sinia kubwa mwenyewe, nikaliweka mbele ya mzee mrefu na kurudi nyuma haraka.

Alimtazama yule samaki. Akazungusha sinia taratibu, kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba. Akazungusha tena. Wazee wenzake waliinua shingo. Mmoja alisema kitu kwa lugha yao, na mwingine akashika fimbo yake vizuri, vile mtu hushika akifikiria kuondoka.

"Mzee mwenzangu," baba wa kijana akasema kwa adabu, "samaki wa huku kwenu hana kichwa?"

Na Mungu, ambaye ana mizaha yake, akamleta mbwa.

Alitokea nyuma ya zizi akipita katikati ya watu, mkia juu, na kile kichwa mdomoni, ndevu zikiburuta vumbi. Akaja mpaka kwenye miguu ya mume wangu na kukiweka hapo, kwa sababu ni mbwa mwaminifu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na sinia langu. Binti yangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mikono mdomoni. Na kibuyu kilikuwa pale katikati, kimejaa, na niliona wazi njia yake ya kurudi jikoni.

Mume wangu akasimama. Magoti yakalia.

"Hiyo makosa ni yangu," akasema. "Si ya mama, si ya msichana. Mimi ndiye nilikata. Nilifanya vile tuna anafanywa."

"Tuna?" mzee mrefu akauliza.

"Tuna. Wa baharini." Akatoa simu mfukoni, akaitazama, akairudisha. "Tangu msichana wangu alete hii habari nimekaa nikifikiria. Ng'ombe najua. Chai najua. Lori najua. Lakini wewe si mtu wa hizo vitu, wewe ni mtu wa samaki. Nikajiuliza, huyu mzee akija, tutaongea nini? Tutakaa hapa kama watu wanangoja daktari? Na msichana wangu anaenda kukaa kwako maisha yake yote. Nikasema wacha nisome samaki. Nimesoma. Nimesoma vibaya."

Mimi nilikuwa nimeishi na yeye nyumba moja wiki zote zile, nikimcheka. Nilidhani anatoroka habari ya binti yake. Kumbe mjinga alikuwa akienda huko huko, kwa njia ya baharini. Nikajifanya napanga vijiko.

"Na kuna kitu nimejifunza," akaendelea, sasa sauti imepata moto, "kwamba samaki mkubwa humvuti kwa nguvu. Unamlegezea kamba, anakimbia, unamlegezea..."

"Baba," binti yangu akasema kutoka mlangoni, "mimi si samaki."

Aliyecheka kwanza ni mzee mrefu. Alicheka mpaka kofia ikaanguka, mbwa akainusa. Halafu wakacheka wote, hata yule wa fimbo.

"Mzee mwenzangu," akasema akipangusa macho, "mimi ni fundi wa magurudumu. Naziba panchari. Samaki nanunua sokoni kama watu. Tangu nizaliwe sijawahi kuvua hata mmoja."

Mume wangu akamkodolea macho. "Hata mmoja?"

"Hata mdogo."

"Aiya," akasema mume wangu. Akakaa. Akatazama kibuyu, akamtazama binti yake. "Basi mimina maziwa, mama. Wanywe. Wamchukue. Lakini awe anakuja."

Hilo lilikuwa ndilo neno. Nilimimina nikimwaga nusu kwenye kitambaa cha kufuma. Mzee mrefu alikunywa mursik na macho yakamtoka, maana ilikuwa imekaa sawasawa, na aliposema ni tamu kila mtu alijua anadanganya, tukampenda. Magurudumu na lori viliwapeleka wawili wale mpaka jua likaelekea chini, ati tairi gani inavumilia barabara za murram, ati jeki ipi ni ya uongo. Tuna hakutajwa tena.

Baada ya harusi tulialikwa kwao. Tuliteremka, tukapita Soin, tukavua masweta. Nyumba safi, ua umefagiwa, watu wengi. Na chakula kilipokuja, mbele ya mume wangu liliwekwa sinia moja, na kwenye sinia samaki mmoja mzima, mkubwa, mdomo wazi, na kichwa kimeelekezwa kwake. Nyumba nzima ikangoja.

Mwanaume huyu, nawakumbusha, alikuwa hajawahi kula samaki. Yule kambare wa kwetu waliomla ni wageni, sisi tulikula kuku. Maarifa yake yote yaliishia kwenye barafu. Alikitazama kile kichwa nacho kikamtazama. Kisha akatupa jicho mlangoni, ambako binti yetu alikuwa amesimama na birika la maji ya kunawa, amevaa kitambaa cha mke wa mtu, akimwangalia baba yake vile alivyomwangalia zile wikendi zote.

Mzee wangu akajikaza kisabuni. Akavunja kichwa kwa mikono. Akala mashavu, akala ngozi, akafyonza mifupa kwa sauti, akala jicho moja, halafu, Mungu wangu, akala na la pili. Akasema kongoi kwa lugha yetu, akasema asante, akasema hata huko baharini hakuna kama hii. Watu wakapiga makofi. Niliona mabega ya binti yangu yakishuka, yakitulia, na akaja kummiminia baba yake maji mikononi, wote wawili wameinama juu ya beseni.

Tulipokuwa tukirudi, mahali penye miwa pande zote mbili, aliomba dereva asimame. Akashuka, akaingia kwenye miwa. Nikamfuata. Alitapika kichwa chote, na macho yote mawili, na ugali, na nadhani hata chai ya asubuhi, amejishikilia kwenye miwa. Nilimshika mgongo. Alipomaliza nikampa leso, akajipangusa mdomo, akabaki ameinama hapo akivuta pumzi.

"Usimwambie," akasema.

"Simwambii."

"Aliona nikimaliza?"

"Aliona."

"Basi sawa," akasema. "Twende."